Udaktari si kiti cha mbele: tujenge kundi la watafiti wa kufundisha lugha

Hapa Lubumbashi, sawa vile mu miji mingine ya inchi yetu, kuko neno moja lenye linafungua njia mu kila mukutano: «daktari». Hatusemi daktari wa sindano. Tunasema mtu mwenye aliandika kile kitabu kikubwa cha mwisho wa masomo, chenye watu wa unive wanaita teze. Akifika ku ndoa ao ku matanga, wanamutafutia kiti cha mbele, wanataja jina lake mu kipaza sauti, na vijana wanasimama. Sisi hatukatai ile heshima. Mila zetu zinatufundisha kuheshimu mwenye kujua. Lakini tuko na ulizo moja na tunaliuliza bila kuficha: wale wenye walipata udaktari juu ya lugha na juu ya kufundisha lugha, kazi yao inafika wapi? Inafika siku moja mu kalasi?

Tuliwahi kuomba kusoma teze moja yenye ilihusu kazi yetu wenyewe, ni kusema namna ya kufundisha. Ku maktaba ya chuo walituambia kitabu kiko mu biro ya profesa, biro iko imefungwa, na profesa iko Kinshasa. Basi, kitabu chenye kiliandikwa juu ya walimu kinalala mahali kwenye mwalimu hawezi kuingia. Hatusemi mtu fulani ni mubaya. Tunasema mupango mzima ni mubaya, kwa sababu umemufanya mtafiti kuwa mtu wa peke yake: anasoma peke yake, anaandika peke yake, anashangiliwa siku moja, kisha kila kitu kinafungwa na ufunguo. Inafaa tuseme wazi: bila kundi la watafiti wenye wanasomana, wanabishana na wanaingia mu kalasi, udaktari juu ya kufundisha lugha utabaki pambo la karamu. Na mwenye kulipa ile hasara ni mtoto.

1. Mtoto mwenye kukaa ku benchi

Tuanze na yeye, kusudi watu wasifikiri tunabishana juu ya vyeo.

Mtoto wa Lubumbashi anafika mu mwaka wa kwanza wa shule ya musingi na lugha yake mu kinywa. Anasema «batoto banaenda ku masomo», anasema «kitabu yangu», anasema «niko nasoma». Mwalimu anafungua kitabu, na kitabu kinasema «watoto wanaenda shuleni», «kitabu changu», «ninasoma». Mtoto anaambiwa hii yote ni Swahili, ile ya nyumbani na ile ya kitabu, lakini ile ya nyumbani inapigwa musitari wa bik nyekundu. Mbele hajazoea ile ya kitabu, Kifaransa kinaingia na kinachukua nafasi yote. Nyuma ya miaka michache tunamupokea sisi wa sekondari. Anasoma Kifaransa kwa sauti, vizuri hata, na ukimuuliza amesoma nini, anakuangalia tu.

Mukubwa wa shule anasema: «Huyu mtoto ni muvivu.» Muzazi anasema: «Walimu wa siku hizi hawajui kitu.» Lakini tuangalie kazi yenyewe. Swahili iko na vokali tano. Kifaransa kiko na vokali nyingi kupita zile. Sauti ya «u» ya Kifaransa haiko mu Swahili, basi sikio letu linaisikia «i». Hii njo sababu bureau imekuwa «biro» na jury imekuwa «jiri» mu kinywa cha kila mtu, hata cha mwenye diplome. Mtoto mwenye nyumbani wanasema Kiluba anakutana na shida ingine: Kiluba hakina sauti ya «r». Haya si ujinga. Ni mambo yenye kuko na sababu, na kitu chenye kuko na sababu kinaweza kuchunguzwa, kupangwa na kufundishwa. Mwalimu mwenye anajua ile sababu hatapiga bik nyekundu kila mahali. Atatayarisha somo.

Sasa, Leta yenyewe ilishasema neno lake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, mu kifungu cha kwanza kabisa, inasema Kifaransa ni lugha ya kazi za Leta, na Kikongo, Lingala, Swahili na Tshiluba ni lugha za taifa zenye Leta inapaswa kuendeleza bila ubaguzi. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya masomo inaomba lugha za taifa ao lugha za mahali zitumiwe kwa kufundisha, na tena zifundishwe zenyewe kama somo. Inchi yetu iliingia pia mu ule mupango wa ELAN wa kufundisha watoto kwa lugha za taifa pamoja na Kifaransa, mupango wenye ulianza miaka ya 2011 na 2012 mu inchi kadhaa za Afrika.

Sheria iko. Lakini sheria haimwambii mwalimu wa komini Kenya ao wa Katuba aanze na Swahili gani, ile ya kitabu ao ile ya mtoto. Haimwambii ni mwezi gani inafaa kuvuka kwenda ku Kifaransa, wala namna ya kufanya mu kalasi yenye kuko watoto wa Kibemba, wa Kiluba na wa Tshiluba ku benchi moja. Haya ni maulizo ya utafiti, na ya utafiti wa juu. Nani anayafanyia kazi hapa, miaka kumi bila kuchoka, pamoja na wengine? Sheria bila watafiti ni ngoma bila ngozi: inaonekana ngoma, lakini hailii.

2. Wazee walijenga ngazi

Kuko watu wenye wanasema mambo ya udaktari ni mambo ya Wazungu, na kijitabu cha mila sawa hiki hakipashwi kuyashugulikia. Tunawajibu kwamba hawajui mila zao vizuri.

Mu ufalme wa Waluba kulikuwa chama chenye kinaitwa mbudye. Wenye kuingia ndani hawakujifunza yote siku moja. Walipita hatua na hatua. Ku hatua za juu njo walifundishwa kusoma lukasa, ule ubao mudogo wenye unashikwa mu mukono, wenye kupambwa na shanga na makauri. Kidole kinatembea juu ya shanga na kinywa kinasimulia majina ya wafalme, safari zao, mahali patakatifu, mambo yenye yanakatazwa. Watu wa ukumbusho, bana balute, walikuwa na ile kazi. Na sikilizeni neno hili: usomaji wa lukasa haukuwa sawa vile mtoto anasoma alfabeti. Ulibadilika kufuatana na mwenye kusoma, na wenye kusikiliza, na jambo lenye liliwakutanisha. Ni kusema, ujuzi ulikuwa mu ubao, lakini ulikuwa pia mu watu wenye walizunguka ubao. Toa wale watu, na lukasa inabaki kipande cha muti. Leo ziko nyingi mu vyumba vya makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo. Zimetunzwa vizuri sana, na hazisemi kitu.

Twende mu upande wa Kivu na Maniema, kwa Walega. Bwami ilikuwa na ngazi zake mpaka ile ya juu kabisa, kindi. Mtu hakupanda kwa nguvu zake mwenyewe. Jamaa yake ilikusanya vitu pamoja naye, mwenye kumutangulia alimwongoza, na ku kila ngazi alipewa mifano na mezali zenye zilifungwa na vitu vya kuonekana kwa macho: sanamu ndogo ya pembe, ngozi, jani, kifuko. Hata wanawake walikuwa na ngazi zao. Wakubwa wa koloni waliona kwamba pale kulikuwa nguvu yenye hawakuweza kutawala, na mwaka wa 1948 walikataza bwami.

Tusidanganyane: vile vyama vilikuwa na siri, na kupanda kuliomba mali. Sisi hatuombi kurudisha siri. Ujuzi wa kufundisha mtoto kusoma hauna haki ya kuwa siri. Lakini mambo mengine matatu tunayaomba yarudi: ngazi zenye kila mtu anaziona, mwongozi mwenye anatembea na wewe mpaka mwisho, na kundi lenye linakusikiliza na linaweza kukuambia «hapana, rudia». Unive zetu zilichukua kofia na joho kutoka Ulaya, zikaacha haya matatu yenye yalikuwa hapa kwetu. Zaidi ya yote, siri yenye tungepashwa kuacha njo yenye tumechunga vizuri: teze mu biro, biro na ufunguo.

3. Moto ulikuwa hapa

Wengine wanasema: «Sisi hatujakuwa na kitu kama hicho, tutaanza wapi?» Si kweli.

Mwaka wa 1937, pale Bamanya karibu na Coquilhatville, yenye leo ni Mbandaka, mapadri wawili, Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert, walianzisha gazeti la uchunguzi lenye waliita Aequatoria. Unive haikuwako hata moja mu inchi nzima. Lovanium ilikuja mu 1954 tu. Walikuwa na misioni, karatasi, posta na maulizo. Waliandikia watu mu kila pembe, watu wakajibu, majibu yakachapwa, wengine wakapinga. Walikuwa watu wa wakati wao na hatusemi walisema kweli mu yote. Tunasema tu: kundi la watafiti lilizaliwa mu pori ya Ekwateri bila jumba na bila mushahara wa profesa.

Mwaka wa 1971 Leta iliunganisha unive zote kuwa moja, na mambo ya lugha na fasihi yaliletwa hapa Lubumbashi. Hapa njo kulikuwa CELTA, kituo cha uchunguzi wa lugha. Hapa njo walikutana wanaisimu wa inchi mu semina ya mwaka wa 1974, na swali la lugha zetu mu masomo lilikuwa mu mazungumuzo. Mwaka wa 1981 unive ile moja ilipasuliwa tena mu tatu, kisha miaka mibaya ya mishahara na ya vita ilifuata. Walimu wakubwa walienda inchi za kigeni ao walikufa, na moto ulibaki makaa.

Na kuko ushuhuda mwingine wenye unatuumiza zaidi, kwa sababu unatoka chini. Mwaka wa 1965, André Yav, kwa jina la chama cha watu wenye walifanya kazi mu nyumba za Wazungu, aliandika historia ya mji huu mu Swahili ya mji huu, karatasi zenye waliita Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Wale waliitwa «boyi». Hawakuwa na diplome. Walikuwa na kundi, walikuwa na jambo la kusema, na waliandika. Walimu wa leo, wenye diplome na telefone mu mufuko, watasema nini mbele yao?

Lakini nani alichapa ile kazi ya Yav kusudi dunia iisome? Johannes Fabian, mwenye alifundisha hapa kisha akawa profesa Amsterdam. Aliitoa mwaka wa 1990. Nani alitangulia kueleza Swahili ya Lubumbashi kama lugha yenye sheria zake? Edgar Polomé, mwenye alifundisha hapa mbele ya uhuru kisha akaenda Texas. Makala yake ilitoka mwaka wa 1968. Michezo ya kundi la Mufwankolo, yenye ilichekesha mji mzima, ilichapwa na kuelezwa mwaka wa 1981 na Walter Schicho wa Vienna, pamoja na Mbayabo Ndala. Namna tunachanganya Swahili na Kifaransa mu sentensi moja, Vincent de Rooij aliiandikia teze yake Amsterdam mwaka wa 1996.

Hatuwalaani. Walifanya kazi, na tunawashukuru. Zaidi ya ile, mwaka wa 2014 sarufi ya Swahili ya Lubumbashi ilitoka Paris kwa jina la Aurélia Ferrari pamoja na Marcel Kalunga na Georges Mulumwa, na hii inaonyesha kwamba mgeni na mwenyeji wanaweza kushika jembe moja. Haya yetu si kwamba wageni walisoma lugha yetu. Haya yetu ni kwamba mtu mwenye anataka kujua namna mtoto wa Kamalondo anasema, ni rahisi kwake kupata kitabu Amsterdam kupita mu maktaba ya shule ya Kamalondo. Na tuone pia kitu kingine: wote wale walieleza lugha. Kazi ya kuonyesha namna ya kuifundisha, na namna ya kuvuka kutoka ku hii kwenda ku ingine mu kalasi ya watoto wengi, ile haiwezi kufanywa mbali. Ile inaomba mtu mwenye anakaa hapa.

4. Majibu kwa wapinzani

«Swahili yetu imeharibika, ni Kingwana tu, mutachunguza nini?» Hili neno tulilirizi kwa wakubwa wa koloni, na tunalirudilia sawa vile ni letu. Lugha yenye watu mamilioni wanaombea, wanauzia, wanagombania na wanachumbiana haijaharibika. Iko na sheria zake. Ile Swahili yenye tunaita safi nayo ilichaguliwa na watu: kamati ya lugha ya Afrika ya Mashariki, yenye ilianza mwaka wa 1930, ilisimika Swahili ya vitabu juu ya ile ya Unguja. Ni chaguo zuri, tunaliheshimu, na tunataka watoto wetu waijue. Lakini hakuna mwalimu mwenye anaweza kumupeleka mtoto mahali asipojua mtoto anatokea wapi.

«Kifaransa njo mukate.» Tunakubali. Mukate mutoto ataupata namna gani kama anasoma bila kusikia? Mwenye kupenda Kifaransa kwa kweli ndiye angepashwa kuwa wa kwanza kuomba huu utafiti. Sisi tunafundisha Kifaransa, na tunajua nyumba yake hapa kwetu imejengwa juu ya musingi wa Swahili. Ukiuzarau musingi, nyumba itapasuka, hata ukiipaka rangi ya Paris.

«Twende Dar es Salaam, kule wanajua.» Vizuri, twende. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko na taasisi ya Kiswahili yenye musingi wake uliwekwa mwaka wa 1964, na kule watu wanaandika teze ya udaktari kwa Kiswahili kutoka mwanzo mpaka mwisho. Inchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na mwaka wa 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mulango umefunguka. Lakini mtu haendi ku ndoa mikono mitupu. Tukifika kule bila kazi yetu wenyewe, watatusahihisha matamshi na kuturudisha nyumbani. Tukifika na daftari za watoto wetu, na maelezo ya namna wanavyojifunza, watatupa kiti na watatusikiliza, kwa sababu mambo ya mtoto mwenye kusoma Swahili na Kifaransa pamoja, sisi njo tunayaishi.

«Makuta iko wapi?» Hili ni jibu la kila mtu kwa kila kitu. Ni kweli, safari, chapa na mashini vinaomba franga, na Leta iko na deni kwetu. Lakini kusoma sura moja ya kazi ya mwenzako na kumwambia pale umekosea hakuombi franga hata moja. Kunaomba saa mbili na roho isiyo na wivu. Tunaogopa kwamba ile ya pili njo inakosa zaidi.

Na lile la mwisho, lenye tunaambiwa ku uso: «Wewe uko na diplome ya ISP, unafundisha sekondari, udaktari unakuhusu nini?» Unatuhusu kwa sababu unasema juu yetu. Vyuo vya ufundishaji vilijengwa kusudi vitoe walimu wa sekondari. IPN ya Kinshasa, yenye ilianza mwaka wa 1961, ilifanywa unive mwaka wa 2005. Basi Leta yenyewe ilikubali kwamba kufundisha ni ujuzi wenye unaweza kupanda mpaka juu. Na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mupango mupya unasema miaka mitatu ya lisanse, miwili ya masteri, kisha udaktari. Majina yamebadilika. Tunaogopa tu kwamba watabadilisha majina ku mulango na kuacha vyumba vile vilikuwa.

5. Likelemba ya kusoma

Hatupendi kulia bila kuonyesha njia. Kila mama wa soko la hapa anajua likelemba: watu kumi wanaweka kila mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba yote. Hakuna benki, hakuna karatasi ya avoka. Kuko tu neno la mtu na macho ya wenzake. Sisi tunaomba likelemba ya kusoma.

Wenye kutayarisha udaktari ao masteri juu ya kufundisha lugha, hata wakiwa sita tu mu mji mzima, wakutane mara moja kwa mwezi pamoja na walimu wa shule ya musingi na wa sekondari. Kila mwezi mmoja analeta kurasa makumi mawili za kazi yake, na wengine wote wanampa akili yao. Mwezi wenye kufuata ni wa mwingine. Mwenye alisomewa na hataki kusomea wenzake, atendewe sawa vile mwenye alibeba likelemba na kukimbia: jina lake lijulikane.

Mu kile chumba, vyeo vibaki inje pamoja na viatu vyenye matope. Profesa asikilize mwalimu mama wa mwaka wa kwanza, kwa sababu yeye njo anajua ni siku gani mtoto alianza kusoma kwa kweli. Tunamtaja mama kwa kusudi: kalasi za watoto wadogo ziko mu mikono ya wanawake wengi, na ku meza za jiri tunawaona wachache sana. Bwami ilikuwa na ngazi za wanawake. Tusiwe nyuma ya wazee wetu.

Kila mtafiti afungwe na shule moja, si kwa wiki mbili za kujaza makaratasi ya maulizo, lakini kwa miaka yote ya kazi yake. Awe anarudi pale, na walimu wawe wanamwita kwa jina. Daftari na maandiko ya watoto yakusanywe, majina yafutwe kusudi mtoto asiaibishwe, na yawekwe mahali pamoja kwenye kila mtafiti anaweza kuyasoma. Hii itakuwa lukasa yetu: shanga ni makosa ya watoto, na kidole ni cha kundi lote.

Mbele ya siku ya kujitetea ku unive, mwenye teze aeleze kazi yake kwa Swahili, mbele ya walimu, kwa kurasa kumi tu. Kama hawezi kuieleza kwa Swahili kwa watu wenye anaandika juu yao, basi yeye mwenyewe hajaisikia bado. Zile kurasa kumi zipewe kila shule. Teze nzima ibaki ku maktaba, na ufunguo wa maktaba usikae mu mufuko wa mtu.

Tena tuandikiane. Bukavu kuko ISP yenye kituo chake cha utafiti, CERUKI, kilitoa kijarida chake kwa miaka mingi. Kisangani kuko Swahili ingine, Kindu ingine, Kalemie ingine. Vita ilifika Goma mu Januari 2025 na Bukavu mu Februari, na wenzetu wa kule walionja mambo yenye kalamu haiwezi kuandika hapa. Hii njo sababu zaidi ya kundi lisilofungwa mu jumba moja. Jumba linaweza kufungwa, barabara pia. Kurasa makumi mawili zinapita mu telefone kwa megabaiti kidogo.

Kwa kumaliza, tunarudia neno letu kwa wote wawili. Kwa maprofesa: mulipanda ngazi, tunawapongeza, sasa museme na wenye kuwa chini wanakanyaga wapi, na musiivute ngazi juu. Kwa walimu wenzetu: tusingojee kualikwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chawa hizi ziko ku vichwa vya watoto wetu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyuma ya masomo, kalasi moja yenye benchi inatosha. Mwenye kuja alete kurasa zake, ao alete daftari tano za wanafunzi wake. Mwenye kuja na kiti chake cha mbele atakiacha ku mulango.